Ukipanda Nyanda za Aberdare, Haraka Iache Ikonge

Kisii na Nyamira, yaani nchi ya Gusii, ni kaunti za milima, lakini hazina mbuga ya kitaifa hata moja. Mtu wa Ikonge, kule Nyamira, akitaka kuona wanyamapori huteremka: ama huenda Ruma, katika bonde la Lambwe kule Homa Bay, ama huenda Maasai Mara. Kupanda hakumjii akilini, kwa kuwa milima anayo nyumbani. Makala haya yanamhimiza apande, tena hadi kwenye nyanda za nyasi zilizo juu ya msitu katika Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, na yanamweleza namna ya kupanda. Shauri langu ni moja na mengine yote yanatokana nalo: safari hii isifanywe kwa haraka. Haraka ndiyo inayomwangusha mgeni kule juu, ndiyo inayoiumiza ardhi yenyewe, na ndiyo inayomrudisha nyumbani akisema kwamba ametoa pesa yake kwenda kutazama majani.

Kwanza pafahamike mahali penyewe. Aberdare, au Nyandarua kama wenyeji wanavyoiita, ni safu ya milima iliyo magharibi ya Mlima Kenya, baina ya Nyeri na uwanda wa Kinangop. Mbuga ilitangazwa mwaka 1950 na ina eneo la kilomita mraba 766. Kaskazini kuna kilele cha Ol Donyo Lesatima chenye mita 4,001. Kusini kuna kilele cha Kinangop chenye mita 3,906. Kati ya vilele hivi viwili umetandazwa uwanda wa nyasi ulio mita 3,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Ukitokea bondeni unapita mashamba ya viazi na kabeji, kisha msitu, kisha mianzi, halafu miti inakoma na mbele yako kunabaki nyasi za mafungu, vichaka vya erika, maua meupe makavu yasiyonyauka, na lobelia na senesio kubwa kuliko mtu. Mimea hii mikubwa haioti Gusii wala bondeni popote. Ni ya milima mirefu ya Afrika Mashariki tu, na jamii nyingi hutofautiana kutoka mlima hadi mlima.

Hapo ndipo linapoanza kosa ambalo mtu wa Gusii yuko tayari zaidi kulifanya. Husema: sisi tumezaliwa juu, baridi ni yetu, hewa nyepesi tumeizoea. Hoja hiyo ina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo yenye hatari. Sehemu kubwa ya vilima vya Kisii na Nyamira iko kati ya mita 1,500 na 2,200, na mwili uliokulia huko una nafuu kuliko wa mtu aliyetoka Mombasa juzi. Lakini maradhi ya mwinuko huanza kuwapata watu kuanzia kama mita 2,500, na uwanda tunaouzungumzia uko juu ya hapo. Kwenye mita 2,000 kila pumzi inakupa karibu asilimia 78 ya oksijeni ambayo ungeipata ufuoni mwa bahari. Kwenye mita 3,000 inashuka hadi karibu asilimia 69. Ukifika kilele cha Lesatima imebaki kama 61. Joto nalo hupungua kwa takriban nyuzi sita na nusu kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo anayeondoka Nyamira kukiwa na nyuzi 20 ategemee 13 au pungufu akiwa juu, bila kuhesabu upepo, na usiku wa kiangazi maji yanaganda kwenye majani ya lobelia. Mazoea ya nyumbani yanakusaidia kufika mlangoni tu.

Kinachoifanya Aberdare iwe ya hatari kwa namna yake ni wepesi wa kuifikia. Anayepanda Mlima Kenya hutembea kwa miguu, na miguu yenyewe humzuia asipande upesi kupita kiasi. Aberdare gari linakupandisha. Naivasha iko mita 1,900 hivi. Kutoka hapo unapanda Kinangop, unapita Ndunyu Njeru, unaingia kwa lango la Mutubio, na katika muda wa asubuhi moja umeongeza zaidi ya mita 1,000 ukiwa umekaa kitini. Wengi hawapatwi na lolote ila kuhema kidogo wanapopanda ngazi za kutazamia maporomoko ya maji. Wengine huumwa kichwa, wakachafukwa tumbo, wakakosa hamu ya kula. Ukiona dalili hizo, usiendelee kupanda: keti, kunywa maji, jipashe moto, na usipopata nafuu shuka. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au akitweta hali amekaa, hakuna kungoja wala kujadiliana. Ashushwe saa hiyo hiyo. Uzuri wa Aberdare ni kwamba gari lile lile lililokupandisha haraka litakushusha haraka, upande wa Kinangop au wa Nyeri.

Na hapa niseme wazi jambo ambalo nyumba nyingi za Nyanza na Gusii zinalijua kwa uchungu. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande mwinuko huu kabla ya kuongea na daktari wake, kwa sababu upungufu wa oksijeni unaweza kuamsha maumivu makali na madhara makubwa. Hata mwenye vinasaba vya selimundu asiyeumwa aulize kwanza. Mwenye maradhi ya moyo au mapafu, mwenye upungufu mkubwa wa damu, na mama mjamzito nao waulize. Katika kundi la kanisa au la shule swali hili liulizwe wakati wa kuandikisha majina, si langoni, ambapo aliyekwisha kulipa ataona haya kusema. Nyanya wa miaka 70 aliye mzima anaweza kufurahia uwanda huu vizuri kuliko kijana mwenye kifua kibovu anayetaka kushindana mbio na wenzake.

Tuje kwenye mipango. Njia rahisi kwa mtu wa Ikonge ni kupitia Kericho na Nakuru hadi Naivasha, na hiyo peke yake ni kazi ya siku. Atakayetaka kuondoka alfajiri, apande mlima, arudi alale kwake, atakuwa barabarani mchana kutwa na sehemu ya usiku, na atafika juu saa za alasiri ambapo ukungu umekwisha kuufunika uwanda. Lala Naivasha usiku wa kwanza, au bora zaidi lala Engineer au kijiji kingine cha Kinangop, kwani Kinangop iko karibu mita 2,500 na mwili utakuwa umepewa usiku mzima wa kuzoea. Asubuhi panda. Usiku wa pili lala tena chini, Nyeri au huko huko Kinangop, kisha rudi nyumbani siku ya tatu. Kuna nyumba za wageni za Huduma ya Wanyamapori, KWS, kwenye uwanda wenyewe karibu na lango la Kiandongoro, nazo ni za kujipikia. Nisingempeleka huko mtu usiku wake wa kwanza. Aanze kwa kuuzuru mchana, kwa sababu mwinuko humsumbua zaidi anayelala kuliko anayepita.

Nitaambiwa kwamba siku tatu ni gharama, na kwamba mkulima wa chai hawezi kuyaacha majani yake siku tatu. Pingamizi hili ni la haki, na silijibu kwa kusema kwamba pesa si kitu. Jibu langu ni kwamba gharama kubwa ya safari hii haiko kitandani. Iko kwenye gari, maana barabara za mbugani ni za udongo, zina miteremko mikali, na wakati wa mvua zinahitaji gari lenye nguvu magurudumu yote manne. Matatu ya kawaida au basi la shule lisitarajiwe kuvuka uwanda. Gari la namna hiyo likikodiwa na watu sita au saba, nauli ya kila mmoja inashuka sana, na usiku mmoja zaidi katika lojingi ya kawaida ya Kinangop unaongeza kidogo tu. Anayefupisha safari ili aokoe pesa ya kitanda anahatarisha nauli yote, kwa sababu akikuta ukungu hana siku nyingine ya kujaribu. Kwa shule, sheria nayo hairuhusu mabasi yao kusafiri usiku, kwa hiyo safari ya siku moja haiwezekani hata kwa mwalimu jasiri. Ikiwa siku tatu haziwezekani mwaka huu, afadhali pesa iwekwe kwenye chama hadi mwaka ujao.

Majira yana neno lake. Januari na Februari ndiyo miezi ya uhakika zaidi: anga safi asubuhi, barabara kavu, usiku wa baridi kali. Juni hadi Septemba kuna ukavu pia, ingawa Julai ukungu na manyunyu hushinda siku nzima. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, mvua hunyesha na baadhi ya njia za mbugani hufungwa. Mwezi wowote uendao, uwe umefika uwandani kufikia saa tatu asubuhi, na saa saba mchana uwe umeanza kuondoka. Watu wa Gusii hawahitaji kufundishwa kuhusu radi, kwani ni wachache nchini wanaoishi na radi nyingi kama wao. Wakumbuke tu kwamba uwandani hakuna mti, na mtu aliyesimama ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Mawingu yakianza kuwa meusi, rudi ndani ya gari.

Kuhusu mavazi, soko lolote la mitumba la Gusii linatosha. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho haikauki na baridi inaingia mwilini. Juu yake vaa sweta ya sufu, kisha jaketi lisilopitisha maji wala upepo. Kofia ya sufu na glavu si mapambo. Gambuti za kuchumia chai zinafaa kabisa kwa kuvuka tope karibu na gari, lakini ukikusudia kutembea zaidi ya nusu saa tafuta viatu vinavyoshika kifundo cha mguu. Jua usilidharau: hewa ikiwa nyepesi miale yake inapenya zaidi, na ngozi inaungua hata ukiwa unatetemeka. Chakula kipikwe nyumbani au Kinangop. Kwenye mita 3,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi 90 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe yatakumaliza kuni na subira kabla hayajalainika. Ndizi zilizokwisha kupikwa, mayai, na uji wa wimbi kwenye thamosi vinafanya kazi nzuri zaidi.

Sasa nisimame kidogo kwenye ardhi yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika. Chini ya zile nyasi kuna udongo mweusi uliojengwa na majani yaliyooza polepole mno kwa sababu ya baridi. Udongo huo ni kama sifongo: unanyonya mvua na ukungu, kisha unaachia maji kidogo kidogo mwaka mzima. Maji ya Aberdare ndiyo yanayojaza mabwawa ya Sasumua na Ndakaini, ambayo Nairobi inayategemea kwa sehemu kubwa ya maji yake. Yanaingia Ziwa Naivasha kupitia mto Malewa. Yanaingia Tana, ambayo pamoja na maji ya Mlima Kenya huendesha mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na umeme huo ukiingia kwenye gridi ya taifa unafika hadi Ikonge. Lakini sifongo hiyo ni laini. Gari likitoka njiani mara moja linaacha mitaro miwili, mvua inafuata mitaro hiyo, na udongo uliojengwa kwa karne unaanza kuchukuliwa. Senesio kubwa hukua sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo ule urefu wa mtu unaoegemewa kwa picha unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko babu wa mpiga picha. Usiegemee, usichume maua, usivunje jani. Moto ni mbaya zaidi: mwaka 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa za nyanda za juu za Mlima Kenya, na nyasi za Aberdare wakati wa kiangazi huwaka vivyo hivyo. Mvuta sigara azime kwenye kopo na arudi na kopo lake.

Wanyama nao wanadai utulivu. Uwandani kuna nyati, tembo, pofu, tohe wa milimani na mondo, na baadhi ya mondo wa huku ni weusi tititi. Bongo wa milimani yumo msituni, lakini wamebaki wachache mno porini na mgeni asikasirike asipomwona. Nyasi ni ndefu na ukungu ni mzito kiasi kwamba nyati anaweza kuwa hatua 20 kutoka kwako bila wewe kujua, na ndiyo maana kutembea mbali na gari kunahitaji askari wa KWS mwenye silaha. Mwombe mapema. Mtake pia akueleze mambo. Askari aliyefanya kazi mlimani kwa miaka anajua sauti ya kila ndege, na maarifa hayo hayauzwi langoni.

Lipo pingamizi jingine, nalo ndilo zito kuliko yote. Mtu atauliza: Mara iko karibu, ina simba na nyumbu, na barabara naijua, kwa nini nipande milima miwili kwenda kutazama nyasi na ukungu? Ikiwa anachotaka ni simba, aende Mara, na hatakuwa amekosea. Lakini mtu wa Gusii ana sababu yake ya kuutazama uwanda huu, na sababu hiyo iko bondeni mwa shamba lake. Mto Gucha unaanzia kwenye vilima vya Kiabonyoru, hapo hapo Nyamira. Mabonde ya Gusii yalikuwa na vinamasi vilivyofanya kazi ile ile ya uwanda wa Aberdare: kunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole. Vingi vimechimbiwa mitaro vikakauka. Mikaratusi imepandwa hadi ukingoni mwa vijito, na kwingine pamegeuzwa mashimo ya kufyatulia matofali. Sisemi hivyo kumlaumu mkulima mwenye robo ekari na ada ya shule ya kulipa, maana mti wa kuuza anauhitaji. Nasema kwamba hawezi kupima alichopoteza ikiwa hajapata kuona sehemu ambayo haikuguswa. Simama penye kijito kinachotoka kwenye nyasi za Aberdare mwezi Februari, wakati hakujanyesha kwa wiki kadhaa, utazame maji yanavyoendelea kutoka safi. Kisha fuata mto Karuru mpaka unapoanguka mita 273 kwa hatua tatu. Kiongozi wa kijiji au mwanafunzi wa shule ya upili aliyeona hayo atazungumza tofauti kwenye baraza la kulinda chemchemi, na mimi ningependa kila kamati ya maji ya Nyamira ipelekwe huko kabla ya kupelekwa kwenye semina ya hotelini.

Hata hivyo, wapo wanaoupenda mlima ambao watanilaumu kwa kuwaalika wengine. Wageni wakiwa wengi, watasema, uwanda utakwisha. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mpango wa kujenga barabara ya lami kutoka Ihithe, kijiji alikozaliwa Profesa Wangari Maathai, hadi Ndunyu Njeru, kwa kuupasua msitu na uwanda wa Aberdare, ulipewa kibali cha mazingira mwanzoni mwa 2024 na wahifadhi wakaenda mahakamani kuupinga. Wakazi wa pande zote mbili wana haja ya kweli ya kufikiana na masoko yao, na haja hiyo isidharauliwe. Ila kwa upande wa mgeni naona barabara mbaya ya sasa inafanya kazi ya mlinzi: inamlazimisha aende polepole, aje akiwa amejiandaa, na asije kila wikendi. Kuzuia watu kabisa si ulinzi, maana mahali pasipojulikana na raia hupotea bila mtu kulia. Uzio wa umeme wa takriban kilomita 400 uliokamilika mwaka 2009 kuuzunguka msitu ulijengwa pia kwa michango ya watu wa kawaida, na watu hawachangii kitu wasichokijua.

Anayependelea kutembea kuliko kuendeshwa anaweza kuchagua Mlima Elgon badala yake, kupitia Kitale na lango la Chorlim. Mbuga ya huko ni ya tangu 1968, wageni wake ni wachache, na ushauri wa mwinuko ni ule ule. Kwa yeyote aliyeamua Aberdare, mambo ya kufanya wiki hii ni haya: keti na wenzako mchague siku tatu za Januari au Februari, kila mmoja aulizwe afya yake, mtafute dereva aliyewahi kupita Mutubio, na mlipe kiingilio kwa eCitizen mkiwa bado na mtandao, kwa kuwa langoni KWS haipokei pesa taslimu na simu mlimani hushika kwa shida. Jazeni mafuta Naivasha. Siku moja kabla ya kupanda pigeni simu mbugani kuuliza hali ya barabara, na mkiambiwa imefungwa, msibishane. Kaeni Kinangop mngoje kesho yake.